Kapolowe Ni Hapa Tu

Anayekwenda Dubai hutumwa simu. Anayekwenda Lusaka hutumwa viatu. Anayekwenda Kapolowe hutumwa samaki, makala, asali, mihogo, rambirambi za msiba wa mwaka juzi, na mzee mmoja wa kushushwa njiani. Kadiri unakokwenda kulivyo karibu, ndivyo kila mtu anavyojiona ana hisa katika safari yako. Mbali kuna heshima yake: kuna viza, kuna ndege, watu wanakuonea huruma na kilo zako za mzigo. Karibu hakuna huruma. "Si unapita tu?" wanakwambia, na kapu limeshaingia ndani ya gari.

Niseme kwanza ninakokaa, maana ndugu wa Mombasa na Nairobi hunielewa vibaya. Nakaa Kenya. Kenya yangu ni komuni ya jiji la Lubumbashi, huku Haut-Katanga, kusini kabisa mwa Kongo. Haina bahari wala mbuga. Ina soko kubwa, ina uwanja wa mpira wa Kibassa Maliba, na ikifika Jumapili ina kelele za aina zote mbili, za kanisa na za bia. Likizo kubwa za shule kwetu ni Julai na Agosti. Walioko Ulaya wanaiita miezi hiyo kiangazi na kuvua mashati. Kwetu nako ni kiangazi, ila cha namna yake: mvua hakuna, vumbi lipo, na kwa vile jiji limepanda kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Julai ndio mwezi wetu wa makoti.

Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Liège aliponipigia simu ya video kutoka pwani ya Ostende, akanikuta nimevaa koti, kofia ya sufu na soksi mbili mbili, alicheka hadi simu ikamdondoka mchangani. Alikuwa amekwenda pwani asubuhi kwa treni, angerudi jioni, mikono mitupu! Hakuna jirani aliyekuwa akimngoja mlangoni na beseni.

Baba Watoto alikuwa akisikiliza. Nayaogopa sana mawazo yanayomwingia mume wangu kutoka Ubelgiji.

"Mama," akasema simu ilipokatika, "na siye mwaka huu tutatembeza batoto. Karibu-karibu tu. Asubuhi tunaenda, magaribi tunarudi."

Mkutano wa kupanga ukakaa sebuleni baada ya bukari ya jioni, yaani ugali wetu. Baba Watoto aliufungua kama mbunge, kwa shukrani na historia fupi ya familia. Kisha akaomba mapendekezo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika nyumba yangu hakuna watu wawili wanaoishi katika jimbo moja.

Kitinda mimba alitaka bustani ya wanyama. Kifungua mimba, aliyeko sekondari na kwa hiyo amechoka na dunia yote, akasema bustani hiyo ameshapelekwa na shule tangu darasa la kwanza, kila mwaka, na wale sokwe wa kituo cha JACK wanamjua kwa sura. (Kituo hicho kimo humohumo kwenye bustani, na tangu 2006 kinalea sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Namwamini mwanangu. Kwa jinsi anavyokula ndizi, lazima wanamkumbuka.)

Baba Watoto akataja Kipushi, kilomita 30 tu, tukauone mgodi uliofungwa 1993 na kuanza tena kuchimbwa 2024. Nikamwuliza tutauona kivipi, tutashushwa shimoni na kitinda mimba mgongoni? Mgodi haumwonyeshi mtu chochote ila lango. Isitoshe, Kipushi anakaa shangazi yake, na ukienda kwa shangazi hujatembea, umekwenda kuhesabiwa.

Mimi nilipendekeza Kasumbalesa. Nina haki zangu. Unga unaovuka kutoka Zambia hauna bei ileile mpakani na sokoni kwetu, na magunia mawili yangenifikisha Septemba. Watoto walikataa kwa pamoja, jambo ambalo hawalifanyi hata kuhusu chakula. Walisema foleni ya malori si mandhari.

Ndipo mume wangu akatoa ndoto yake: maporomoko ya Lofoi, kule kwenye hifadhi ya Kundelungu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja! Ana picha yake kwenye simu, anaionyesha hata kwa watu waliokuja kudai deni. Nilimwacha amalize. Halafu Nkambo, yaani baba mkwe wangu, akakohoa na kuuliza swali moja: tunakwenda lini? Maana wakati wa mvua maji ni mengi na njia haipitiki. Wakati wa kiangazi njia inapitika, kwa gari la kupanda milima na miguu ya kumalizia, na ukifika unakuta maji yamebaki uzi. Lofoi hiyo yenye maji na yenye njia kwa wakati mmoja ipo kwenye simu ya Baba Watoto peke yake.

Nkambo naye alikuwa na lake. Nkambo alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka ya neema, huko Likasi, na hadithi zake zote huanzia kwenye mposho: unga, samaki, mafuta, kila mwezi, kwa kadiri ya watoto ulio nao. Kampuni ilikuwa na shule yake, hospitali yake, na sekle yake ya kuchezea na kuogelea. Mwaka 2003, alipoondoka na wenzake kama 10,000 katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, alitoka na cheti, saa ya ukutani, na imani kwamba starehe ni jambo la kupangwa na ofisi, si na mtu na mkewe. Lakini kama lazima twende, akasema, twende Likasi, tukaione nyumba yake ya Panda.

Kifungua mimba akasema Likasi anaijua, ameiona kwenye ile filamu ya 2016 kuhusu askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville mwaka 1961. Jadotville ndiyo Likasi, kabla majina hayajabadilishwa. Nkambo akamwuliza kwa shauku kama nyumba yake ya Panda inaonekana humo. Haionekani, kwa sababu filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Hata watu wa sinema, na pesa zao zote, waliona Likasi ni mbali.

Basi tukaafikiana Kapolowe. Iko njia ya Likasi, hivyo Nkambo alihesabu kama nusu ya ushindi. Ina ziwa, hivyo Baba Watoto alipata maji yake, ingawa yamelala. Ina samaki, hivyo mimi nilipata sababu. Sisi akina mama wa Kenya hatuna namna ya kutoka nyumbani bila sababu. Ukionekana unapanda gari na watoto waliooga, huna kilio, huna harusi, huna mgonjwa, majirani wanaanza kukufikiria vibaya.

Siri ya safari hiyo ilidumu hadi kitinda mimba alipotumwa bombani. Jioni hiyohiyo akaja mama anayeuza makala mtaa wa nyuma.

"Yambo mama. Nasikia muko naenda Kapolowe."

"Tutapita tu, mama."

"Njo vile. Uniletee kambale. Mubichi, asiye mukubwa sana, asiye mudogo." Akanipa noti za franka zilizokunjwa mara nyingi hata zikawa kama dawa ya kienyeji. "Na makala ya kule, kama iko bei nzuri."

Nilitaka kumwuliza muuza makala anatumaje makala, lakini nyuma yake alikuwa amesimama mtu mwingine. Ilipofika usiku nilikuwa na daftari. Tilapia watano kwa fulani, kambale kwa yule, asali kwa kiongozi wa kwaya, na mzee wa jumba la tatu anayetaka kushushwa Lwisha kwa mdogo wake, "kwa sababu nyinyi muko na nafasi." Gari lilikuwa na nafasi kabla yeye hajaja.

Hapo akaingia mtoto wa dada yangu. Kijana alikuwa amefanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na alikuwa anangoja matokeo. Matokeo hutoka mkoa kwa mkoa, siku isiyojulikana, na kijana anayengoja matokeo ni sawa na mjamzito wa miezi tisa: hafai kuachwa peke yake, na hafai kusafirishwa. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba kote tutakakopita kuwe na rezo, yaani mtandao wa simu. Kote! Akaninunulisha mega za intaneti kwa pesa ambayo ingenunua kuku.

Sasa gari. Gari letu, kama mengi ya hapa, lilizaliwa Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapita Zambia kwa miguu yake lenyewe. Kila likiwashwa, mwanamke mmoja ndani yake husema maneno ya Kijapani kwa adabu kubwa. Hatujui anasema nini. Nkambo humwitikia, "Yambo, mama." Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, inaishia 90, na stesheni zetu nyingi zinaanzia pale yeye anapochoka. Kwa hiyo tunasafiri na stesheni moja ya mahubiri, na yenyewe ikipanda kilima inabaki mikwaruzo na neno "toba".

Hayo yote navumilia. Ninalolalamikia ni usukani. Usukani uko kulia, kama inavyofaa Japani, Tanzania na Zambia, wanakoendesha kushoto. Sisi Kongo tunaendesha kulia. Maana yake ni kwamba dereva amekaa ukingoni mwa barabara, anatazama majani na vichuguu, na mimi abiria ndiye niliyekaa katikati ya njia, uso kwa uso na malori yanayokuja. Akitaka kulipita lori lililo mbele, haoni kitu. Anayeona ni mimi.

Barabara ya Likasi ni barabara ya shaba. Kila dakika kuna lori la kupitwa, limepakia vibamba vyekundu vilivyofungwa kwa mikanda, au limebeba tindikali na alama ya fuvu nyuma, linapanda kilima polepole kama linakwenda kuzikwa. Na kila lori likitokea mbele, mazungumzo ya ndoa yetu huwa hivi:

"Kuko kitu?"

"Kuko."

"Na sasa?"

"Ngoja."

"Sasa?"

"Ngoja, baba, kuko kamyo!"

"Unasema ngoja, ngoja, siku itaisha."

Yeye ana leseni, mimi nina macho. Nikisema "pita" na tukapona, dereva ni hodari. Nikisema "ngoja" na barabara ikawa tupu, mke ni mwoga. Shingo yangu ilikuwa imevutika hata kitinda mimba akaniuliza kama inauma. Nilikuwa nimebana miguu sakafuni, nikikanyaga breki ambazo hazipo upande wangu. Mkono mmoja umeshika mpini wa mlango, mwingine unazuia mbabula. Ndiyo, tulibeba mbabula, jiko letu la makala, kwa kuwa Baba Watoto alisema kula hotelini si kutembea. Lilikuwa katikati ya magoti yangu, na kila dodani, yaani tuta la barabarani, lilinipaka masizi mapya kwenye leso niliyoivaa kwa ajili ya picha.

Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa naolewa. Gari lenye usukani kulia likifika kwenye peaji, kidirisha cha malipo kiko kushoto. Kushoto nipo mimi. Mwenye kunyoosha mkono ni mimi, na katika nchi hii anayenyoosha mkono ndiye anayetoa pesa. Baba Watoto alijipapasa mifukoni kwa heshima, kama mtu anayetafuta miwani. Nikatoa dola zangu. Msichana wa kidirishani akaiinua noti kwenye mwanga, akaigeuza, akaipitisha ukucha pembeni, akanirudishia. Ilikuwa na mpasuko. Nilivaa miwani ya Nkambo ndipo nikauona: mpasuko mdogo kuliko mguu wa mbu, karibu na sikio la yule rais wa Marekani. Huko kwao noti hiyo inanunua mkate. Kwetu dola ikichanika imekufa, hata mazishi haina. Nyuma yetu malori yakaanza kupiga honi. Ikabidi nifungue zile noti za mama wa makala, za kambale, nikalipia barabara.

Askari wa rulaji, yaani wa barabarani, waliotusimamisha mbele kidogo, walikuja upande huohuo. Mtu mwenye filimbi aliniomba karatasi za gari, nikamwelekeza kwa dereva. Akazunguka gari pole pole, akahesabu vichwa, akatazama mbabula, akauliza kama tunacho kizima-moto. Tunacho. Akauliza pembetatu. Tunayo. Nilijivunia sana pembetatu yetu, kwa kuwa njia hii lori likiharibika dereva anakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani, nayo yanabaki hapo hata lori limeshapona na kwenda zake. Mtu mwenye filimbi alionekana kusikitika kwamba tuna kila kitu. Mwisho akasema, "Basi, mama, iko baridi leo." Hilo halina kosa lake kwenye sheria, lina bei yake tu.

Mzee wa Lwisha tulimshusha Lwisha, na kumbe mdogo wake hakai Lwisha yenyewe bali ndani kidogo. Ndani hiyo sitaieleza. Vumbi lake bado limo masikioni mwangu.

Tukafika Kapolowe. Watoto wakashangilia, Baba Watoto akazima gari, yule Mjapani akatuaga. Palikuwa na reli, vibanda, mbuzi wa michopo akinukia vizuri, na hakuna ziwa. Hapo ni Kapolowe Gare. Ziwa liko Kapolowe Misheni, na kutoka Gare hadi Misheni kuna barabara ya udongo yenye tabia zake. Watu wote tuliowauliza walituambia ni hapa tu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kuni kichwani alituambia ni hapa tu huku yeye mwenyewe akionekana ametembea tangu jana.

Lakini ziwa lilikuwa zuri, lazima niseme, ingawa hii ni safu ya kulalamika. Maji mapana, mafupi kwa kina, matete pembeni, ndege weupe wakitembea juu ya majani kama watu wa ukaguzi, na mitumbwi imelala juu chini. Nkambo alisimama na fimbo yake akatufundisha. Tshangalele, akasema, si ziwa la zamani. Mto Lufira ulizuiwa Mwadingusha, bwawa likamalizika 1930, ili upatikane umeme wa kuyeyushia shaba, na bonde zima likajaa maji. Kitinda mimba akauliza huo umeme uko wapi, maana nyumbani haupo.

"Umeenda kazini," Nkambo akamjibu.

Na samaki? Nilikwenda na daftari langu hadi kwa wavuvi. Walikuwa wanashona nyavu, wamestarehe, kazi imekwisha. Samaki walikuwa wamevuliwa usiku, wakapimwa alfajiri, wakapakiwa kwenye magari ya wachuuzi, wakaondoka. Wapi? Mvuvi akanitazama kwa mshangao.

"Soko ya Kenya, mama. Lubumbashi."

Yaani tulipishana nao njiani. Mimi nimetoa shingo dirishani nikitafuta malori, na kambale wa mama wa makala akanipita kwa mwendo kasi akienda kwangu.

Umeme umekwenda viwandani, samaki wamekwenda sokoni, sisi tumebaki na upepo. Upepo ulikuwa mwingi. Watoto, waliokuja na nguo za kuogelea, walikaa ufukweni wamejifunika mablanketi hadi puani, mstari mmoja, kama wakimbizi. Binamu wa Liège alipotumiwa picha alijibu kwa sura za kucheka. Nikawasha mbabula. Tulikuwa na sombe, majani ya mihogo, kutoka nyumbani, nyanya, vitunguu, na samaki wa barafu wa aina ya tomson niliowabeba kwa tahadhari. Hebu fikiria, nilitoka Kenya na samaki wa baharini, wa barafu, nikawapeleka kuwakaanga kwenye ziwa la samaki. Maji ya bukari yakaanza kuchemka. Unga ulikuwa kwenye mfuko, kilo za kututosha sote na wageni, kwa kuwa harufu ya vitunguu ilikuwa imeshaleta watoto wa kijijini.

Wakati huo mtoto wa dada yangu hakuwa nasi. Rezo ya Kapolowe inapatikana juu ya kichuguu. Hapa kwetu vichuguu si vile vya kujikwaa, vingine vina urefu wa nyumba, na juu ya kimoja kijana alikuwa amesimama tangu tulipofika, simu angani. Nilikuwa nimeshika mwiko nikisubiri maji yanguruke vizuri, nikasikia ukelele. Nikadhani ameumwa na nyoka.

"Nimepita! Tantine, nimepita!"

Aliteremka kichuguu kwa makalio. Asilimia zake alizisema, sikuzisikia, kwa sababu tayari familia yote ilikuwa inapiga vigelegele na Baba Watoto alikuwa anacheza peke yake. Sasa, nchi hii nzima, mtoto akipita Exetat anamwagiwa unga. Ndiyo furaha yetu. Mjini watu huwa na poda, huwa na unga mbovu uliotengwa. Ziwani kulikuwa na unga mmoja. Niliona mkono wa Nkambo, mzee wa mposho, mtu anayejua thamani ya kilo, ukichota mfukoni. Nikasema, "Papa, hapana!" Akamwaga. Kifungua mimba akachukua wa pili. Watoto wa kijijini, wasiomjua kijana wala mtihani wake, wakaja kusaidia kwa mikono miwili. Upepo nao ukashiriki. Kilichokuwa bukari ya watu kumi na tano kikawa wingu, likakaa kidogo juu ya ziwa Tshangalele, likawaangukia ndege weupe wasioonyesha tofauti yoyote.

Maji yalinguruka vizuri sana baadaye. Tulikula sombe na samaki wa barafu bila bukari, kwa mkono, tukitazamana. Mtu wa Katanga akila bila bukari hajala, amejaribu chakula. Nkambo alimaliza sahani yake akauliza kwa upole tunakula saa ngapi.

Ya kurudi sina mengi. Jua mgongoni, lori baada ya lori, "kuko kitu, hakuko kitu," kijana mweupe kama mzimu akilala begani kwangu na kuniachia unga upande ambao haukuwa na masizi. Likasi hatukufika. Nkambo aliitazama njia ya kwenda huko tulipoiacha nyuma, akasema nyumba yake ya Panda ilikuwa na dirisha la kijani.

Tulipoingia jijini usiku, nilimwambia Baba Watoto apitie soko la Kenya. Wachuuzi wa mwisho walikuwa bado, na taa zao za simu juu ya mabeseni. Nikawanunua wote kwenye daftari: tilapia watano wa fulani, kambale asiye mkubwa sana asiye mdogo. Kwa bei ya sokoni, pamoja na nauli yao ya kutoka Kapolowe, ambayo niliilipa mimi niliyetoka hukohuko na gari langu. Kambale wa mama wa makala nilimlipia mfukoni mwangu, kwa kuwa zake zilibaki kwenye peaji.

Asubuhi alikuja kumchukua. Akamfungua kwenye gazeti, akamnusa, akambonyeza tumbo, uso ukang'aa.

"Hii njo samaki ya Kapolowe! Ya hapa sokoni haikuwake hivi. Na makala yangu?"

Tangu hapo mtaa umetangaza kwamba sisi ni watu wa kwenda Kapolowe. Kiongozi wa kwaya ameshaweka asali yake kwa safari ijayo. Na Baba Watoto, ambaye shingo haimuumi, amehamia kwenye picha nyingine: Kiubo, maporomoko ya Lufira hiyohiyo, kule njia ya Mitwaba. Anasema maji yapo hata kiangazi. Anasema barabara si mbaya. Anasema si mbali.

Mimi nimemjibu kwamba kiti cha kushoto kiko wazi. Anayekitaka aje na macho makali, shingo ya kuvutika, na dola zisizo na mpasuko.